Mwanamume wa Stoo

Kwenye kidole gumba changu cha kushoto kuna kovu dogo la meno yasiyokuwa meno, na aliyenitia kovu hilo yuko jikoni kwangu wakati huu ninapoandika, amefunikwa leso kuukuu, hataki kula. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu aletwe. Nimemkatia papai, nimempukusia mahindi mabichi, nimemkunia karoti. Jioni nikirudi kazini nakuta amedonoa punje mbili tatu tu, vingine vyote viko palepale, papai limekauka kingo na sisimizi wameshaanza karamu. Jana nikapita sokoni nikanunua pilipili kavu, zile nyekundu ndefu. Nilipofungua karatasi harufu yake ikanipanda puani, nikapiga chafya mara tatu, na kabla sijapangusa machozi nilikuwa nimesharudi stoo kwa Nyanya yangu, Kibokoni, nina umri wa miaka minane, nimepiga magoti mbele ya tenga la kuku.

Sijapenda kuyaandika haya. Nilikuwa mtoto wa kununa, na nimekuwa mtu mzima wa kununa, na watu wa namna yetu hatupendi kueleza tunachokitaka. Lakini nyumba yangu hii ya vyumba viwili, hapa Mbaraki, imekuwa kimya mno siku hizi, na kuandika angalau kunatoa sauti ya kalamu.

Babu alifariki wiki ileile Mama alipojifungua mdogo wangu. Mama aliletwa maziko, akalia, akarudishwa kitandani, kwa sababu alikuwa ndani ya arubaini yake na hakutakiwa kutoka. Nyanya naye akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, havai ila nguo nyeupe, hapaki wanja, hajifukizi udi, wala haonwi na mwanamume asiye maharimu yake. Basi kwetu, wanawake wawili walikuwa wamefungika katika nyumba mbili, na mwenye miguu ya kwenda na kurudi alibaki mimi. Watu wazima wakakaa, wakazungumza, wakaamua nikakae na Nyanya mpaka eda yake iishe, asije akawa peke yake.

Kutoka kwetu Mbaraki hadi Kibokoni ni kisiwa kimoja, robo saa kwa gari. Siku hizi naweza kwenda kwa miguu. Lakini siku ile nilikaa nyuma ya teksi na mfuko wa nguo mapajani, nikawa nahesabu kona ili nije niijue njia ya kurudi, na tulipoingia vichochoro vya Mji wa Kale hesabu ikanipotea. Baba alinishusha mlangoni, akachutama mbele yangu, akanifunga kifungo cha shingoni ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Wewe sasa ni mkubwa," akaniambia. "Kazi yako ni kumliwaza Nyanya. Usilielie mbele yake, ana msiba wake. Umesikia?"

Nikaitikia kuwa nimesikia. Na kweli nilisikia, kwa sababu tangu hapo sikulia mbele ya mtu yeyote.

Nyanya niliyemjua zamani alikuwa na maneno ya kumtosha kila jirani na yakabaki ya akiba. Huyu niliyemkuta alikaa kitandani na tasbihi mkononi, uso ameelekeza ukutani, na kauli yake kwangu ilikuwa moja tu, mara tatu kwa siku: "Ndoo ule, mwanangu." Kwa Kimvita chake hakusema njoo, alisema ndoo. Nikienda, tunakula. Tukimaliza, naondoa sahani, anarudi ukutani. Mimi nilijiambia kwamba hanitaki. Nilijiambia alimtaka Mama, akaletewa mimi, na kwa adabu zake hawezi kusema nirudishwe.

Mtu mwingine mle ndani alikuwa Kadzo, mwanamke wa Rabai aliyekuja asubuhi kupika na kufua, akaondoka baada ya alasiri. Alipenda kuimba nyimbo za kanisani kwao, lakini kwa heshima ya msiba alizipunguza zikawa mlio wa puani. Siku za mapumziko nilimfuata jikoni na uani kutwa nzima, nikimkanyaga visigino, mpaka akawa ananipa vitunguu nimenye ili nikae mahali pamoja.

Na nilikuwa na cheo. Wale kina mama waliokuja kutoa rambirambi waliniweka mlangoni. "Wewe ndiwe bawabu," wakaniambia. "Akibisha mwanamume, mwambie mwenye eda yumo ndani, aende zake." Hicho cheo nilikishika barabara. Nilimfukuza mwenye kusoma mita ya maji. Nilimfukuza muuza samaki mpaka Kadzo akalazimika kumkimbilia kichochoroni. Nilikuwa sijui kufanya lolote jingine la kumfaa Nyanya, basi hilo nililifanya kwa moyo wote.

Siku moja baada ya adhuhuri nikasikia kunguru uani. Kunguru wa Mombasa hatuwashangai, lakini hawa walikuwa wengi na wana hasira. Nilipotoka niliwaona wamejaa ukutani na kwenye kamba ya nguo, na chini, kwenye kona ya karo la kufulia, kuna kitu cha kijivu wanakidonoa kwa zamu. Kadzo akaja na ufagio, mimi nikavuta leso kwenye kamba, nikalitupia lile dude la kijivu na kulikumbatia. Likanitoboa kidole gumba mpaka mfupani. Nikapiga kelele lakini sikuliachia.

Alikuwa kasuku. Wa kijivu mtupu, mkia mwekundu, bawa moja limelegea, na damu kichogoni. Kadzo akalileta tenga la kuku, tukamfunikia humo. Akakaa kimya, kifua kinampanda na kushuka. Mimi nilikuwa nimeinama nimtazame vizuri, na kidole changu kinachuruzika, wakati alipofungua mdomo na kusema kwa sauti nzito ya mtu mzima:

"Karibu ndani, bwana! Kutazama ni bure!"

Sijawahi kuogopa vile. Sikuogopa kwamba ndege anasema. Kila mtu anajua kasuku husema. Niliogopa kwa sababu ya sauti. Ilikuwa ya kiume, tena ya mwanamume wa makamo aliyeshiba, na ilikuwa ndani ya nyumba ya eda, hatua chache kutoka kwenye kitanda cha Nyanya, inakaribisha watu waje kutazama. Na aliyemwingiza alikuwa bawabu mwenyewe.

"Dada Kadzo," nikanong'ona, "huyu ni mwanamume."

Kadzo akanitazama, akamtazama ndege. "Huenda," akasema. "Mambo ya eda yenu mie siyajui. Muulize anayejua."

Basi tukamweka stoo, kile chumba kidogo kando ya jiko chenye kidirisha kimoja cha juu, kwenye magunia na madebe ya mafuta na utungo wa pilipili kavu uliokuwa ukining'inia msumarini. Tundu la ufunguo nikaliziba kwa karatasi, asije akachungulia. Na kwa kuwa alikuwa mtu mzima na mimi mtoto, sikuona adabu kumwita jina tu. Nikamwita Ami, kama ndugu wa baba.

Madrasani siku iliyofuata nikasubiri wenzangu watoke, nikamwendea Maalim.

"Maalim, mwenye eda yuafaa kukaa nyumba moja na mwanamume?"

"Kama si maharimu yake, hafai."

"Na kama huyo mwanamume ni mgonjwa? Kavunjika? Hajiwezi?"

Maalim akaweka kalamu chini. "Hata akiwa mgonjwa. Apelekwe kwa wanaume wenziwe wamuuguze." Kisha akanitazama kwa wasiwasi. "Kuna mgonjwa kwenu?"

Nikamwambia hakuna. Nikatoka mbio, nimepata fatwa na nimepata dhambi ya uongo, yote kwa mkupuo mmoja.

Sikuwa na wanaume wa kumpelekea Ami. Nikaamua nitamuuguza kwa siri mpaka bawa lipone, kisha aruke aende zake kabla Nyanya hajamwona wala yeye hajamwona Nyanya. Na hapo nikamwekea Mungu sharti, kama watoto wanavyoweka. Nikasema, nikimlisha huyu akala na akapona, nirudishwe kwetu. Nililisema kwa sauti, mkono juu ya tenga. Kuanzia saa ile kila punje iliyoingia mdomoni mwa Ami kwangu ilikuwa hatua moja ya kurudi Mbaraki.

Tatizo ni kwamba hakula. Nilimpa nilichokuwa nakipenda mimi: hamri lililochovywa chai ya maziwa, mbaazi za nazi, kiazi cha karai. Akageuka pembeni. Kadzo akanikemea, akasema chumvi na mafuta vitamuua, akanichemshia mahindi bila chumvi, akanionyesha kukata papai na kuacha mbegu zake. Ami akayatazama kwa jicho moja, halafu kwa la pili, akaacha. Siku ya tatu alikuwa ameanza kuyumba juu ya kijiti chake. Nilikaa naye baada ya shule mpaka wakati wa madrasa, mlango nimeurudisha, giza, namwinamia na kijiko. "Kula, Ami. Tafadhali kula." Nilikuwa naomba mpaka koo linakauka. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia, nikamwambia na lile jingine, mdomo karibu kabisa na fito za tenga: "Nataka kwetu, Ami. Nataka kwetu."

Siku ya nne nikakuta amejitoa tengani. Alikuwa amepanda juu ya magunia kwa mdomo na makucha, amefika kwenye ule utungo wa msumarini, na ameshika pilipili nzima kwa mguu mmoja anaila kwa starehe, mbegu zinamdondoka kifuani. Hakutoa hata chozi. Marehemu Babu ndiye pekee niliyewahi kumwona anakula pilipili vile, nzima, na kila tonge la pilau, na Nyanya akimwambia kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Kama nilikuwa na shaka yoyote kuhusu Ami, siku ile ilikwisha.

Baada ya pilipili akakubali mahindi, baada ya mahindi papai. Nikajifunza kwamba anapenda tango na hataki ndizi iliyoiva sana. Kwamba maji yakiwa na vumbi anayamwaga kwa makusudi. Kwamba akipandisha manyoya ya kichogoni ataka kukunwa, na ukimkuna kinyume atakuuma. Nilimwosha lile jeraha kwa maji ya vuguvugu na pamba. Kila nilipomaliza nilimwambia ainamishe macho nikifungua mlango, na nadhani alinielewa, kwa sababu nilitaka anielewe. Ijumaa Baba alikuja baada ya swala, akaleta unga na nyama, akamsalimia Nyanya, akanishika kichwa. "Hujambo, mama mkubwa?" Nikamjibu sijambo. Akaondoka bila mimi. Nikasema moyoni ni kwa sababu Ami hajapona sawasawa.

Wiki ya tatu nikaanza kukuta manyoya sakafuni. Nikafikiri ni panya. Nikaweka mtego, panya hakunaswa, na manyoya yakazidi, yale madogo laini ya kifuani, mpaka siku moja nikaona ngozi yake, nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikamwita Kadzo. Kadzo akalibeba tenga mpaka penye mwanga wa kidirisha, akamkagua kifua.

"Anajing'oa mwenyewe," akasema. "Chakula anapata. Lakini kutwa kucha yumo gizani peke yake, na wewe waja saa moja tu. Kasuku ni ndege wa watu. Ukimuacha humu atajimaliza."

Niliketi juu ya debe. Nilikuwa na njia mbili na zote mbaya. Nikimtoa, navunja eda ya Nyanya, na nilijua kwa hakika, kwa jinsi nilivyofundishwa, kwamba Babu kaburini atapata habari. Nisipomtoa, atakufa, na mimi sitarudi kwetu kamwe. Sikwenda madrasa siku hiyo. Nikanawa uso, nikaenda chumbani kwa Nyanya, nikasimama mbele yake, kati yake na ukuta.

"Nyanya," nikasema, "stoo kuna mwanamume."

Tasbihi ikasimama. "Kuna nini?"

"Mwanamume. Mgonjwa. Nimemweka mimi, wiki ya tatu sasa. Namlisha."

Nyanya akavuta leso akajifunika mpaka puani na kusimama kwa wepesi ambao sikujua anao. "Yarabi stara! Wiki tatu? Mtoto wewe, wamlisha nini?"

"Papai. Na pilipili."

"Kadzo! Kadzo, ndoo hapa!"

Kadzo akatokea mlangoni, ameshika fremu, anajizuia mpaka mabega yanamtikisika. "Bi Mkubwa, tulia. Si mtu. Ni kasuku."

Nyanya akatutazama kwa zamu. Ilinibidi nieleze yote, kunguru, sauti, Maalim na maneno yake, karatasi kwenye tundu la ufunguo. Nilipofika kwenye karatasi nikaona leso yake inatetemeka karibu na mdomo, nikadhani ni hasira.

"Mleteni huyo mwanamume nimuone," akasema.

Kadzo akalileta tenga, akaliweka juu ya mkeka. Kabla ya kufunua nikainama nikamwambia kwa sauti ndogo, "Ami, inamisha macho." Hakuinamisha kitu. Alitoka kifua wazi, akajinyoosha, akamtazama Nyanya kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye leso, akasema:

"Karibu ndani, bwana! Kutazama ni bure!"

Nyanya aliketi palepale alipokuwa, chini. Alicheka. Alicheka mpaka leso ikamwanguka, mpaka Kadzo naye akashindwa, mpaka mimi ambaye sikuona cha kuchekesha nikaanza kucheka kwa kuambukizwa. Kisha kicheko chake kikageuka, sijui wakati gani hasa, na akawa analia, kwa nguvu, anamwita Babu kwa jina, jambo ambalo hata siku ya maziko sikumwona akilifanya. Nikajua nimeivunja eda. Nikamwambia nisamehe, nisamehe, na yeye akanivuta mapajani pake nikiwa na vumbi la stoo.

"Hukuvunja kitu, mwanangu," akasema. "Ndege ni ndege. Hukuvunja kitu."

Mwisho wa hadithi ungekuwa hapo kama mimi ningekuwa mtoto mwema. Nyanya akaagiza tundu la waya, Ami akawekwa dirishani chumbani kwake. Kadzo akaenda kuulizia Ndia Kuu, kwenye maduka ya watalii, kwa kuwa ile sauti ilikuwa ya muuza vinyago kabisa, akaambiwa kulikuwa na duka lenye kasuku, mwenyewe amefunga amehama, ndege alimwachia yeyote. Basi akawa wetu. Asubuhi Nyanya alimkatia papai kwa mkono wake. "Lete kitwa," akimwambia, na Ami akileta kichwa akunwe. Alimhadithia habari za jirani alizoletewa na Kadzo, alimlalamikia magoti, alimweleza Babu alivyokuwa akipenda chai yake. Manyoya ya kifuani yakaanza kuchipua. Na mimi, ambaye nilimtoa mdomoni mwa kunguru na nikamlisha kwa kijiko, nilikaa kwenye mkeka nikawasikiliza. Yale maneno yote niliyoyangojea tangu nilipofika, Ami ndiye aliyeyapata. Niliona wivu, nasema wazi. Niliona wivu juu ya ndege.

Zaidi ya hayo, sharti langu lilikuwa limetimia na Mungu alikuwa kimya. Ami alikula, Ami alipona, Ijumaa zilikuja na Baba alikwenda zake. Arubaini ya Mama ilikwisha, lakini mtoto akashikwa na homa, ikapita wiki, na nyingine. Nyanya akisimama kuswali alasiri, mimi nilikwenda dirishani, nikaweka mdomo kwenye waya, nikamkumbusha Ami deni letu. Nataka kwetu. Nataka kwetu, Ami. Nilivuta kamasi, nikapangusa uso kwa mkono, nikarudi mkekani kabla hajatoa salamu.

Hatimaye Mama akaja, na mdogo wangu amefungwa nguo nyingi mno kwa joto lile. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa namna ambayo sasa nikiikumbuka naona haya. Lakini alipoingia mikono yake ilikuwa imejaa. Alinibusu juu ya kichwa cha mtoto, akaketi kitandani na Nyanya, wakalia kidogo, wakacheka kidogo, wakamfunua yule mtoto wakatafuta pua ni ya nani. Nikatumwa maji. Niliporudi na sinia, mtoto alikuwa ananyonya na chumba kizima kimetulia kumsikiliza. Na kutoka dirishani ikatoka sauti ya mtoto wa kike.

"Nataka kwetu."

Mama akanitazama. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

"Nataka kwetu, Ami," ikasema sauti yangu. Ikavuta kamasi. "Nataka kwetu."

Nyanya aligeuka akamtazama Ami, muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na sura yake niliisoma kama kitabu cha darasa lisilo langu. Niliisoma hasira.

"Mchukue," akamwambia Mama. "Leo hivi. Kadzo, mfungie nguo zake."

"Mama, eda yako ina miezi miwili bado. Utakaa na nani?"

"Eda ni yangu. Mtoto hana eda." Akaashiria dirishani kwa kidevu. "N'na huyu."

Nililia njia nzima ya kurudi, na Mama akadhani ni furaha. Nilikuwa nimepata nilichokiomba neno kwa neno. Nyumbani kitanda changu kilikuwa na nepi zilizokunjwa juu yake, na kila mtu alinong'ona kwa ajili ya mtoto, na mimi nilikaa barazani nikiwaza kwamba Nyanya amenifukuza, kwamba nimemwaibisha mbele ya mwanawe, na kwamba baina yangu na ndege amemchagua ndege.

Imani hiyo nilikua nayo. Tulikwenda Kibokoni kila Idi na nyakati nyingi katikati, na Nyanya hakubadilika kwangu: "Ndoo ule, mwanangu," sahani inajaa, tunakula. Hakuligusa jambo lile hata siku moja, na mimi sikuwa na ulimi wa kuligusa. Ami nilimkuta kimya daima. Kadzo aliniambia akibaki na Nyanya husema kutwa, lakini kasuku hunyamaza mbele ya mgeni, na mimi nilikuwa nimeshakuwa mgeni. Nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa, nikaachika, nikarudi Mbaraki. Nilikuwa robo saa kutoka kwake miaka yote hiyo, na nilikwenda kama mtu anayekwenda kulipa bili.

Nyanya tumemzika mwezi uliopita. Nyumba ina wenyewe wengi. Ndege hakuwa na anayemtaka. Kadzo, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alinishushia tundu mlangoni kwa tuktuk na leso ya Nyanya juu yake.

"Wako huyu," akasema. "Yuko msibani, usimharakishe. Akizoea atasema. Ana maneno yake."

Basi jioni hii nimeweka kalamu kando, nikazichambua zile pilipili, nikamtilia tatu kwenye kibakuli, nikarudi kwenye jiko langu. Nilikuwa nimepika wali mkavu wa mtu mmoja, nao nilikuwa sina hamu nao; ukweli ni kwamba mimi pia tangu maziko sijakula sawasawa. Nikasikia mbegu zinapasuka. Sikugeuka, nikaogopa ataacha. Akala ya kwanza, akala ya pili. Kisha nikamsikia msichana wa miaka minane amesimama nyuma yangu.

"Nataka kwetu, Ami," akasema. Akavuta kamasi. "Nataka kwetu."

Kukapita kimya kifupi, kama cha mtu anayeweka tasbihi kando ili ajibu, na jibu likaja kwa sauti ya Nyanya, bila hasira hata chembe, sauti ya mtu aliyelisema jambo hilohilo kila siku kwa miaka mingi kwa yeyote atakayesikia:

"Hapa ndipo kwenu, mwanangu. Ndoo ule."

Nikachukua sahani yangu, nikaketi sakafuni kando ya tundu, nikala.